Machozi ya Kuni Mbichi

Kuni za mti wa muwati zikiwa mbichi hazitoi moshi wa kawaida. Hutoa moshi mzito wenye ukali wa gome lililochemshwa, na moshi huo hauishii puani. Unaingia nyuma ya macho na kukaa huko kama mgeni asiyejua kuaga. Ndio moshi nilioukuta wiki iliyopita nyuma ya hospitali moja hapa Nyeri, nilipokaa kwenye benchi na binti yangu Nyambura tukingoja kuitwa. Wapishi walikuwa wakipuliza jiko la nje. Nyambura akakohoa. Mimi sikukohoa. Mimi moyo wangu ulianza kwenda mbio kama wa mtu aliyesikia jina lake likisomwa na askari.

Niwaambie mapema kwamba naandika haya nikiwa na hasira. Sitajifanya. Nyambura ana miaka saba, na kwa miezi miwili sasa tumbo linamuuma kila asubuhi. Jioni haliumi. Akicheza haliumi. Ni asubuhi tu, kabla hajavaa viatu, anajikunja kitandani kama kiwavi aliyeguswa na kijiti. Amepimwa choo, amepimwa damu, amenyweshwa dawa ya minyoo mara mbili na hiyo minyoo yenyewe hakuna aliyeiona. Siku hiyo tabibu, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, alimbonyeza tumbo huku na huku, akamwambia atoke nje kidogo, kisha akaniambia haoni ugonjwa, akaniuliza, "Mama, huko nyumbani kuko namna gani?"

Nikamwambia nyumbani kuko sawa. Nikamwambia pia kwamba nimeleta mtoto atibiwe, sikuja kuchunguzwa mimi. Nikatoka nimefura.

Lakini kurudi ilibidi nipite tena katika ule moshi. Nikakaa tena kwenye benchi, Nyambura ananitazama, nikakumbuka mtu mwingine aliyewahi kuambiwa na wenye dawa kwamba hana kitu. Mtu huyo ni mama yangu.

Nilikuwa na umri kama wa Nyambura wakati wa Imajensi, ile Hali ya Hatari, yapata miaka thelathini iliyopita. Wasioujua wakati ule niwaeleze kwa kifupi. Vijana walikuwa wameingia msituni kupigana na serikali ya mkoloni, na serikali, ili kuwakatia chakula, ilibomoa nyumba zetu mashambani ikatukusanya katika kijiji kimoja juu ya mgongo wa kilima, nyumba zimebanana, mlango wa huyu ukitazama mgongo wa yule. Kukizunguka kijiji lilichimbwa handaki lenye kina kuliko mtu mzima, na ndani yake vikasimikwa vigingi vya mianzi vilivyochongwa ncha. Wa msituni wasiingie, sisi tusitoke. Lango lilikuwa moja. Pembeni mwa lango palikuwa na posti ya homugadi yenye mnara, na homugadi hawakutoka mbali. Walikuwa watu wetu wenyewe, waliopewa makoti makubwa na mikuki na bunduki chache, na ruhusa ya kutuuliza maswali.

Baba alikuwa amechukuliwa huko Naro Moru, shambani kwa mzungu alikoajiriwa, akapelekwa kambini. Kambi gani, hatukuambiwa. Basi nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na ndugu yangu Muriuki, ambaye alizaliwa baba hayupo na sasa alikuwa na miezi mitano, mnono, mwenye mikunjo miwili kila paja. Mama alikuwa na maziwa mengi. Wanawake walimtania kwamba serikali ikijua itayatoza kodi.

Kila siku wanawake walitolewa langoni kwenda gitati, ile kazi ya lazima isiyo na malipo: kuchimba barabara, kupalilia matuta, kusafisha handaki lenyewe lililotufunga. Nami nilikwenda nyuma ya mama ili nimshike Muriuki akichimba. Kabla hatujatoka nyumbani mama alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Vaa kiazi."

Maana yake ilikuwa uso. Kiazi, mama alisema, hakicheki wala hakinuni. Ukikiuliza jambo kinakaa tu. Huo ndio uso wa kupitia posti. Ukimwona mtu unayemjua, kiazi. Ukiulizwa baba yako yuko wapi, kiazi. Tulikuwa tukifanya mazoezi, na nakiri kwamba mwanzoni niliyapenda. Mama angenikunjia pua, angetoa ulimi, nami ningekaa bila kutikisika hata kope, mpaka yeye mwenyewe acheke kwanza. Nilifuzu sana. Kama kungekuwa na cheti cha kiazi ningekipata kabla ya kile cha darasa la kwanza.

Asubuhi moja ya Julai, ule mwezi wa ukungu ambapo watu wa Nyeri hulowa bila mvua kunyesha, filimbi ya posti ililia mapema. Tukapangwa mstari, tukaambiwa tupite mmoja mmoja chini ya mlingoti wa bendera. Kwenye nyasi walikuwa wamelazwa watu watatu kutoka msituni, na hawakuwa hai. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nina mtoto atakayesoma haya siku moja.

Jambo nililoliona, hata kwa macho yangu ya utoto, ni kwamba homugadi hawakuwatazama wale waliolala. Walitutazama sisi. Walisimama pande mbili na mzungu wao mmoja, inspekta, wakisoma nyuso. Mwanamke akishtuka, akijishika kifua, akitoa hata chozi moja, basi yule pale chini ni wake. Na kama ni wake, basi amekuwa akimpelekea chakula. Na kama alimpelekea chakula, nyumba yake inavunjwa, yeye anakwenda jela, na watoto wake watajua wao pa kwenda.

Wa tatu alikuwa mjomba Wahome.

Nilimjua kwa mguu. Kidole gumba cha kushoto hakikuwapo. Alikikata kwa jembe akiwa mdogo, na mama ndiye aliyemfunga kidonda. Mama ndiye aliyemfanyia kila kitu. Mama yao alikufa Wahome bado anatambaa, na mama yangu, msichana wa miaka kumi, akambeba mgongoni, akamtafunia viazi, akamfundisha kutembea. Alikuwa ndugu yake, lakini kwa mikono alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa wa pili.

Mama alitembea. Mwendo wake haukubadilika. Mkono ulioshika wangu ulikaza, ukazidi kukaza, mpaka nikahisi kucha zinaingia.

Homugadi mmoja, Gathii, akamzuia kwa mkuki, akimwita kwa jina langu. "Mama Wairimu, uko na mtu unajua hapa?"

"Sina."

"Tazama vizuri. Inspekta anataka utazame vizuri."

Mama akatazama vizuri. Akatazama kwa muda ambao mtu angetazama nguo dukani asiyotaka kuinunua. "Hawa si wa huku," akasema. Kisha akaweka jembe begani tukaenda gitati, akachimba hadi saa tisa, na alipoulizwa na wenzake kuhusu matuta akajibu habari za matuta.

Mimi nilikuwa nikimngojea alie tukifika nyumbani. Tulifika. Akapika. Ukuta wetu ulikuwa fito na udongo, na jirani wa upande wa kushoto alikuwa mke wa homugadi. Ukikuna kichwa alisikia. Mama hakulia. Aliketi na bakuli la chakula mapajani, akala tonge moja, akalitafuna muda mrefu sana, kisha akaliteremsha kwa maji kama mtu anayemeza kidonge. Nikamwambia, "Mami, mjomba..." Akanishika kidevu, akanigeuzia mwangani. Nikavaa kiazi.

Siku ya tatu maziwa yalikatika.

Hayakupungua kidogo kidogo. Yalikatika kama mfereji uliozibwa juu huko. Muriuki alivuta, akaachia, akamtazama mama usoni kwa mshangao, akavuta tena, kisha akalia. Mama alisema kifua kimebana, kuna jiwe hapa, akigonga kati ya matiti. Hakuweza kumeza. Uji ulipita nusu na nusu ukarudi. Tulimpa Muriuki uji mwepesi kwa ncha ya kitambaa. Ng'ombe tulikuwa hatuna tena, walichukuliwa wote. Mtoto akaanza kuhara. Kufikia mwisho wa wiki ya pili mikunjo ya mapaja ilikuwa imelegea, na kilio chake kilikuwa kimegeuka kuwa sauti ndogo, kavu, kama mlango usiopakwa mafuta. Mimi ndiye niliyembeba mchana kutwa. Nilikuwa nikiweka sikio langu kwenye kifua chake kila baada ya muda, na kila nikiinama nilifikiri safari hii sitasikia kitu. Katika kijiji kile tulizika watoto wengi. Nilijua mahali penyewe, nilijua ukubwa wa shimo.

Mganga wa serikali alipita na gari la dawa. Alikuwa na chupa kubwa ya dawa nyeupe kama chokaa iliyokorogwa, na sikumwona akitoa dawa nyingine maisha yake yote: ukiumwa jino, nyeupe, goti, nyeupe, umechomwa na mwiba, kunywa hii nyeupe. Alimbonyeza mama tumboni, akamsikiliza mgongoni. "Huyu hana kitu," akasema. Mama akanywa dawa nyeupe, akaitapika, ikabaki nyeupe vilevile.

Aliyejua alikuwa Cucu Wangechi. Cucu ni bibi kwa lugha yetu, lakini hatukuwa na undugu naye. Alikuwa bibi kizee wa nyumba ya kulia, mwenye meno mawili yasiyokutana, aliyeuita mnara wa posti "kile kiota" na kuwaamkia homugadi kwa heshima kubwa mno hata wakawa hawajui kama wanasalimiwa au wanatukanwa. Jioni moja aliingia kwetu na mzigo wa kuni mgongoni. Tuliruhusiwa kwenda kuni mara mbili kwa wiki, chini ya ulinzi, na kila mwanamke alikimbilia kavu. Cucu alikuwa amekata muwati mbichi, maji bado yanatoka kwenye gome. Wanawake walikuwa wamemcheka njia nzima. "Cucu, umezeeka mpaka umesahau kuni?" Naye alijibu, "Nimezeeka mpaka nimezikumbuka."

Akazipanga mafigani. Akaziba kwa tambara ule upenyo wa juu wa ukuta. Moshi ukajaa ndani hata sikuona miguu yangu. Akamvuta mama akamkalisha karibu kabisa na moto, akampa kazi ya kupuliza, na nikamsikia akimwambia kwa sauti ya chini, "Puliza, mwanangu. Mwanamke akipuliza kuni mbichi, nani atamuuliza macho yake yamekuwa mekundu kwa nini?" Kisha akaniambia mimi nitoke na mtoto, tutaumia macho.

Nikakaa nje mlangoni. Nikasikia mama akikohoa. Kukohoa kule kulikuwa kwa ajabu. Kulianzia chini sana, kukapanda, kukavunjika, kukaanza tena, na katikati yake mlikuwa na sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama. Cucu naye alikohoa kwa nguvu juu ya sauti ile, kama mtu anayetwanga ili jirani asisikie nyumba ya pili ina nini. Mama alipotoka, uso ulikuwa umevimba, macho hayafunguki, sauti imekauka. Nikaingiwa na hofu nisiyoweza kuieleza. Nikamuuliza Cucu mama ana nini. "Ni moshi tu," akasema.

Na mimi nikaamini. Hilo ndilo kosa langu, na mkumbuke lilivyopatikana: nilimwuliza mtu mzima swali la kweli nikapewa jibu la mtoto. Jioni ya pili, moshi. Ya tatu, moshi. Siku ya nne mama alimaliza bakuli la uji, na Muriuki akavuta, akapata kitu, akameza. Nilisikia mmezo wenyewe, guk, nikahesabu sita. Mtu mzima angeunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliunganisha mengine. Niliona mama anaanza kupona, na niliona kila jioni kikongwe anamletea moshi unaomvimbisha uso na kumkausha koo. Nikaona moshi utamrudisha mama chini, maziwa yakatike tena, na safari hii Muriuki asivumilie. Sikulala vizuri. Tumbo liliniuma asubuhi, sikumwambia mtu.

Kilichohitajika, nikaamua, ni kuni kavu.

Na kuni kavu kuliko zote kijijini nilijua ziko wapi.

Mchana wa siku iliyofuata mama aliniacha nyumbani na Muriuki kwa kuwa alikuwa akihara bado. Nikamlaza kwa Cucu aliyekuwa akisinzia juani, nikachukua kamba ya kufungia majani. Upande wa chini wa kijiji ukingo wa handaki ulikuwa umeporomoka, na sisi watoto tulizoea kuteremka pale kukata nyasi za kutandika. Nikateremka. Vigingi vilikuwa vyeupe kwa ukavu, na vile vilivyoguswa na maporomoko vilikuwa vimelegea kama meno ya Cucu. Nikang'oa vinne. Nikavifunga katikati ya mzigo wa nyasi, nikapita chini ya mnara nimevaa kiazi bora kuliko vyote nilivyowahi kuvaa. Homugadi wa juu akanirushia neno la utani. Nikakaa tu.

Jioni, kabla mama hajarudi, nilizitoa kuni za Cucu mafigani, nikapanga mianzi. Iliwaka mara moja. Moto ulikuwa mzuri, wa rangi ya chungwa, hauna moshi hata kidogo, na nyumba yote ikaonekana. Mama akaingia, akasimama. Cucu alikuwa nyuma yake na Muriuki mkononi. Nilikuwa nangoja nisifiwe.

Kama umewahi kuchoma mwanzi mzima usiopasuliwa unajua kilichofuata. Hewa iliyo ndani ya pingili hupata moto, ikakosa pa kutokea. Mwanzi wa kwanza ulilipuka paa, sauti ya bunduki kabisa. Wa pili ukafuata. Huko juu filimbi ikalia, mbwa wakaanza, nikasikia miguu ikikimbia na sauti za wanaume, "Wapi? Wapi?" na yule jirani, mke wa homugadi, akijibu bila kuulizwa mara mbili, "Kwa Mama Wairimu."

Mama aliutazama moto, akaona ncha iliyochongwa. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo upesi hivyo. Kung'oa kigingi cha handaki kulikuwa ni kumfungulia adui mlango. Hakuna ambaye angeamini ni mtoto wa miaka saba aliyetaka kuni. Cucu Wangechi akanitupia Muriuki kifuani, akainama, akakumbatia zile kuni mbichi zote, akazibwaga juu ya moto. Moshi ukapanda ukatufunika. Nilikuwa nimemkumbatia Muriuki, nimeweka sikio kwenye kifua chake, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kufanya.

Gathii aliingia akiwa ameinama, mkuki mbele. Wenzake walibaki nje. Akachokoa moto kwa mkuki, akageuza ukuni mmoja, na chini yake kikaonekana kipande cha mwanzi, ncha nzima, nyeupe. Akakitazama. Kisha akamtazama mama, aliyekuwa ameketi, na mama safari hii hakuwa na uso wowote alioutayarisha. Machozi yalikuwa yakimtoka, mengi, mpaka shingoni, na hakuyafuta.

Gathii akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Ni muwati tu. Hawa wanawake hawajui hata kuchagua kuni. Rudini."

Miguu ikaondoka. Yeye hakuondoka. Moshi ulikuwa mzito kiasi cha kumtoa hata fisi, lakini Gathii alibaki amechuchumaa pale, bonge la koti kubwa, akikohoa. Alikohoa kutoka chini sana. Kisha akajipangusa uso kwa mkono wa koti, akasimama, na kwa sauti ndogo akasema, "Kesho ukungu haujainuka, hiyo pengo ijazwe. Nikikuta iko wazi, mimi sitakujua." Akatoka.

Alipokwisha kutoka, Cucu akasema, "Wahome na huyu walitahiriwa siku moja, maji ya mto mmoja."

"Nyamaza, Cucu," mama akasema.

Alfajiri tulishuka handakini, mimi na mama, na mianzi minne aliyoing'oa kwenye kitanda chetu. Aliichonga kwa panga, nikaishika ikiwa wima, akaigongomea kwa jiwe lililofungwa tambara. Kuchomoza kwa jua kulitukuta nyumbani. Hapo ndipo aliponichapa, kwa utaratibu, kama anayefua. Baada ya kunichapa akaniuliza, "Kwa nini ulifanya hivyo?" Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limenijaa mdomoni. Lakini alikuwa amenishika kidevu, amenigeuzia mwangani, na uso wangu ukafanya wenyewe kile ulichofundishwa.

Cucu aliendelea kuleta kuni mbichi mpaka Septemba. Muriuki alinenepa. Leo ni mwanamume mrefu, fundi wa magari kule Murang'a, na anakula kama anayelipiza kisasi.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba moshi haukuwa ugonjwa, ulikuwa dawa. Kwamba mama hakuwa na jiwe kifuani, alikuwa na ndugu yake. Na kwamba mimi, kwa mapenzi yangu yote, niliingia nikamzibia mahali pekee alipopata ruhusa ya kulia. Nilielewa pia kwamba Gathii alijua, asubuhi ile chini ya bendera alijua nani amelala pale na nani anaulizwa. Ninapofikiria hilo sijui nimchukie kiasi gani. Hasira yangu haina pa kuishia. Nani aliwapa watu haki ya kufanya chozi liwe ushahidi? Na baada ya wao kwenda, baada ya handaki kufukiwa na kupandwa mahindi, kwa nini mama hakulia tena? Ana vidonda vya tumbo hadi leo. Anakunywa dawa nyeupe, ya kisasa, ya chupa nzuri.

Jumamosi nilimpeleka Nyambura kwake. Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Nikakaa nikamsaidia, na kwa mara ya kwanza nikamwambia kwa nini niling'oa vile vigingi. Mikono yake haikusimama.

"Nilifikiri ulikuwa unacheza," akasema. Kisha, baada ya gunzi zima, "Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Mama yangu hasemi uongo kwa vitu vidogo. "Ningekuchapa," akasema.

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Halafu akaonyesha kwa gunzi kule uani, Nyambura alikokuwa amejikunyata akichora mchanga. "Na huyo wako? Yeye anakuuliza?"

Sikumjibu. Nitawajibu ninyi. Mume wangu anafanya kazi Nanyuki, hotelini, na kwa miezi miwili amekuwa na nyumba nyingine huko nyuma ya maduka, na mwanamke ndani yake, na mimba ndani ya mwanamke. Nimeendelea kupiga pasi mashati yake. Nimemwambia Nyambura baba ana kazi nyingi. Nimetabasamu kila asubuhi nikimfunga kamba za viatu, nikijisifu moyoni kwamba mtoto hajui kitu.

Nilikwenda uani nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia baba hatakuja Ijumaa, wala ile nyingine. Nikamwambia nina uchungu na nina hasira, si kwake.

"Najua," akasema. Akaendelea kuchora. Kisha akaniuliza bila kuinua kichwa, "Sasa mtu anaweza kulia, ama bado?"

Mlango wa uani ulikuwa wazi na majirani wa mama wako uzioni. Nilianza kuinuka niufunge kwanza. Nikauacha wazi, nikakaa.